Luku Imeisha Nikiwa Njiani Kwenda Mars

Jana usiku luku imeisha nikiwa njiani kwenda Mars. Simu asilimia nne, feni imesimama, mbu wameingia bila hodi, na mimi ndiyo kwanza nimefika pale chombo kinapoiacha dunia kwa safari ya miezi kama saba. Miezi saba, kwenda tu!

Nasoma kwamba kabla ya kumpeleka mtu huko, wanataka kwanza kujua kama binadamu wanaweza kukaa pamoja mahali finyu bila kutoana macho. Basi NASA, shirika la anga la Marekani, wakachukua watu wanne, wakawafungia kwenye nyumba ya mfano kule Houston tangu Juni 2023 hadi Julai 2024. Siku 378, mita za mraba 158, kila mmoja na chumba chake. Wametoka humo wanapigiwa makofi. Warusi nao walishafunga wanaume sita pale Moscow siku 520, ndani ya chombo ambacho hakikuruka hata kimo cha mpapai.

Mimi huu mwaka wa sita niko Tandale. Vyumba saba, choo kimoja, luku moja. Mita za mraba sijapima, maana ukinyoosha mikono kupima unamgusa mke wa mtu. Makofi sijayasikia.

Nikajiuliza basi, kwa utulivu wa mtu mzima anayejiheshimu: hicho chombo cha siku zijazo, luku yake atachangisha nani?

Nauliza kwa sababu hapa mchangishaji ni mimi. Leo alfajiri nimevaa shati la mikono mirefu, nikachukua daftari na kalamu kama kamanda wa chombo, nikagonga kwa Mama Barafu.

"Hodi."

"Kama ni luku, sisi hatutumii umeme."

Nyuma yake lile friza la kulala limeanza kutoka jasho, tone, tone, mpaka kwenye ndala zake.

"Mama, na hili je?"

"Hili si la matumizi, baba. Hili la biashara. Matumizi yangu mimi taa moja, na nikilala nazima. Wewe ndiye unalala na feni."

Baba Jeni akachomoza na mswaki mdomoni. "Na pasi! Muulize pasi yake ya Jumapili!"

Jamani, nina mashati matatu. "Mpaka soksi ananyoosha," akaongeza, povu linamtiririka. Hapo kikao kikawa kimefunguliwa. Kijana wa chumba cha saba akatufundisha kwamba sabufa ikiwekwa sauti ya chini haili umeme. Bachela wa chumba cha tano akasema jana hakulala hapa, kwa hiyo akatwe siku. Nikamuuliza, na juzi? Juzi alilala, lakini alilala mapema. Ustaarabu ukanitoka, nikapiga kelele mpaka bata wa jirani wakahama. Mavuno ya yote hayo: shilingi 3,500 na ahadi mbili. Mama Barafu akaniwekea barafu nne za ubuyu kwenye mfuko wa shati. "Andika elfu moja."

Wakati huo huko kwenye kituo cha anga wanasifiwa kwa kusafisha jasho na mkojo mpaka wanarudisha asilimia 98 ya maji. Hapa maji ya kufulia yanamwagwa chooni, ya kuoshea mchele wanakunywa bata, na hakuna mwandishi wa habari aliyefika.

Wanalalamika pia kwamba ujumbe kutoka Mars unaweza kuchukua dakika 22 kufika duniani. Dakika! Mwenye nyumba wetu yuko Mbagala, ule wa bomba la choo nimemtumia Februari.

Na wapo wasiotaka kuishia Mars, wanataka nyota. Ya jirani kabisa, Proxima Centauri, mwanga wenyewe unatembea zaidi ya miaka minne. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa 1977, umbali huo kwa mwendo wake ni zaidi ya miaka 70,000. Kwa hiyo wakipata hata chombo chenye mbio mara mia, watu watapanda, watazaa humo, watafia humo, wa kuteremka ni vilembwe. Miaka mia saba ya kikao cha wapangaji! Kilembwe wa yule bachela ataikanyaga sayari mpya bado anadaiwa, na atasema babu yake siku ile hakulala humo.

Luku nimeijazia kwa hela yangu mwenyewe. Namba 20, Baba Jeni anasoma mimi nabonyeza, ikakataa. Tukarudia. Ikakataa. Kumbe saba yake anaitamka sita kwa sababu ya mswaki. Ya tatu ikakubali, na kitu cha kwanza kuwaka nyumba nzima ni sabufa, sauti si ya chini.

Ndipo nikahisi ubaridi kifuani. Barafu zote nne zimeyeyukia mfukoni, shati lina doa jekundu kama nimepigwa risasi. Nimelifua, limekauka, limejikunja kama uso wa ajuza. Pasi iko chini ya kitanda. Baba Jeni ameshatoa kigoda chake, amekiweka chini ya dirisha langu, anakula muhogo taratibu.