Bili ya Maji ya Kichanga

Leo asubuhi nimekuta bili ya maji imebandikwa mlangoni pa choo, pale pale tunapobandikiwa mambo yetu yote ya heshima. Chumba cha kwanza, watu 5. Chumba cha pili, watu 6. Chumba cha tano, ambacho ndicho mimi, watu 4, halafu kwenye mabano: "pamoja na kichanga."

Kichanga! Nina miaka 58. Umri wa mke wangu sitautaja, ila ujue magoti yake yanatabiri mvua. Na mwezi wenyewe maji yametoka mara mbili: mara ya kwanza saa nane usiku, mara ya pili yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Hayo ndiyo tunagawana kwa vichwa, na kichwa kimoja hakijazaliwa.

Chanzo ni mtoto wa dada yangu, kaja likizo kutoka Kanada. Alipofungua sanduku tulikaa kimya kama watu wanaosubiri sufuria la pilau lifunuliwe. Vikatoka vitambaa. Vipande 24 vya pamba nyeupe laini, vimekatwa mraba, vimefungwa na utepe. Nikasema hivi vya kufutia miwani. Mke wangu akasema vya kuwekea vikombe.

"Hapana, Mjomba. Ni vya chooni, badala ya tishu. Unatumia, unaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, unafua, unaanika, unatumia tena."

Unatumia tena.

Mimi ni mzee wa busara, sikupaza sauti. Nikamwambia eleza, mama. Akaeleza vizuri tu, sina ubaya naye. Kumbe kule kuna msitu mkubwa upande wa kaskazini, misonobari imesimama miaka na miaka, inakatwa, inasagwa, inakuwa karatasi ya mtu kujifutia mara moja na kuimwagia maji. Akasema mwaka 2020, corona ilipoingia, watu waligombania tishu madukani mpaka rafu zikabaki mbao. Yeye alipanga foleni akarudi mikono mitupu, ndipo akaanza kukata fulana zake za zamani. Nikamwonea huruma kwa kweli. Mwaka huo sisi tulikuwa ndani ya mablanketi tunajifukiza, tunagombania malimao.

Akaniambia mwanzo wa mambo haya ni bwana mmoja wa New York, Joseph Gayetty, aliyeanza kuuza karatasi za chooni mwaka 1857, na kila karatasi ilikuwa na jina lake. Jina lake mwenyewe! Mimi jina langu nimeliandika kwenye ndoo kwa rangi ya mafuta na bado ndoo imeondoka. Mwenzangu anaandika jina pale, na watu wanatoa hela.

Nikaona sasa niweke msimamo. Nikamwambia, mwanangu, samahani kwa lugha, hapa kwetu watu wanachamba. Kopo lipo, mkono upo, sabuni ipo. Huo msitu wenu sisi hatujaugusa. Wahenga walisema jambo kuhusu kuchamba kwingi, sitalimalizia, kuna mtu anakula.

Akatabasamu. "Sawa, Mjomba. Mkishachamba mnajikausha na nini?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama feni. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, lakini aliitazama.

Nikabadilisha mada. Nikamuuliza hivyo vitambaa vinafuliwaje. Kule mashine inafua, maji ya moto yanatoka ukutani. Huku inabidi vichemshwe. Vichemshwe kwa nini? Kwa mkaa. Na mkaa unatoka wapi, kama si miti ya watu wa Kilosa na Rufiji? Yaani msonobari wa Kanada upone, mninga wa kwetu uingie jikoni. Akasema, "Hilo swali zuri, Mjomba." Hawa waliosoma nje ukiwabana wanakwambia swali zuri, basi imekwisha.

Jumanne akavifua. Alifua mwenyewe, nisimsingizie. Akaviloweka, akavichemsha, akavianika uani jua la saa nne, vipande 24 kwenye kamba, vyeupe mpaka vinaumiza macho. Sasa nyumba ya kupanga unaijua. Kamba ya nguo ndiyo gazeti. Watu wakasoma: nepi mpya, ndogo, nyeupe. Mke wangu ana siku tatu hajatoka nje, goti. Mgeni wa kike kaja na sanduku, bila shaka kaja kumwangalia mzazi. Hesabu ikakubali.

Saa sita hodi. Mama wa chumba cha tatu, mkononi hotipoti la mtori, kwapani doti ya khanga, nyuma yake akina mama wanne wamevua ndala nje na wananong'ona.

"Hongera sana, Baba. Mungu mkubwa."

Nikajua wamekuja kumlaki mgeni. "Ahsanteni. Amefika salama."

"Wa kike au wa kiume?"

Nikashangaa, si wamemwona? "Wa kike."

"Kaja na kilo ngapi?"

"Ishirini na tatu."

Mmoja akakaa chini bila kukaribishwa.

"Ishirini na tatu!"

"Ndizo wanazoruhusu," nikasema. "Ukizidisha unalipia."

Wakatazamana. Mama wa chumba cha tatu akameza mate. "Kwa njia ya kawaida, au upasuaji?"

"Kwa ndege."

"Na sasa amelala?"

"Hapana, ametoka kidogo, kaenda kwa Mangi kununua vocha."

Hapo ndipo mmoja akaanza kusoma dua, na mimi ndipo nikageuza macho nikaiona ile kamba. Jasho likanitoka. Nikafungua mdomo nieleze. Nikaufunga. Ningesema nini? Kwamba jamani, hapana mtoto, zile ni za mzee? Bora kichanga.

Nilitegemea mke wangu anisaidie. Yeye harufu ya mtori ilikuwa imeshapita pazia. Nikasikia kutoka chumbani sauti nyonge ambayo sijaisikia tangu mwaka 1997: "Karibuni wenzangu, siwezi kunyanyuka." Khanga akaipokea. Imeandikwa NANI KAMA MAMA. Ameshaivaa, haitarudi.

Ndiyo maana leo siwezi kwenda kubisha bili. Nitaanzia wapi? Mchana nikapita stendi, choo shilingi 300, ukilipa unapewa kipande cha tishu kirefu kama tiketi ya daladala, na yule kijana anakikata huku anakutazama mwili, anakupimia. Na hayo ndiyo maisha ya watu wanaoambiwa wapunguze matumizi.

Lakini kinachoniua si bili, ni mfuniko. Nani anachukua mifuniko katika nyumba hii? Nina ndoo tano, nimezinunua na mifuniko yake mitano, leo zote ziko wazi mbu wanaogelea. Mfuniko haupotei, mfuniko hauna miguu. Uliobaki ulikuwa mmoja, wa bluu, ndio mpwa wangu alioufunikia ile ndoo yake, na tangu jana haupo.

Jioni hii nikapita chumba cha pili, mama kaweka beseni la maandazi mlangoni anauza. Limefunikwa. Bluu.

"Baba kichanga," akaniita, "karibu andazi la moto."

Nikamwambia nimeshiba.