Mweleze mwajiri dawa inagusaje kazi, si unaumwa nini

Jina la dawa hubeba jina la ugonjwa. Ukiandika kwenye fomu ya ofisini kwamba unameza lithiamu, yeyote mwenye simu atajua ndani ya dakika moja unatibiwa nini. Tena anaweza kukosea. Amitriptilini ni dawa ya sonona, lakini madaktari huiandika pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kipandauso, mara nyingi kwa dozi ndogo ya miligramu 10 hadi 25 usiku. Afisa utumishi hatarajiwi kulijua hilo. Ndiyo maana nasema mwajiri aelezwe dawa inaigusaje kazi, na jina lake libaki kati yako na daktari.

Anza na kazi yenyewe. Mhasibu aliyezoea vidonge vyake vya presha hana la kumweleza mtu. Dereva wa basi, mwendesha kreni, fundi umeme wa nguzoni na mlinzi mwenye silaha wameshika uhai wa wengine, na kwao sikubali kwamba kunyamaza ni haki. Dawa nyingi za kifafa, diazepamu ya wasiwasi, kodeini ya maumivu, hata Piriton ya mafua huleta usingizi, hasa siku za mwanzo na kila dozi inapopandishwa. Kwa insulini na glibenklamaidi, dawa za kisukari, hatari ni nyingine: sukari kushuka ghafla. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu na akili huchanganyika, na dereva aliyeruka mlo wa mchana anaweza kufika hapo akiwa barabarani. Mtu huyu anahitaji muda wa kupima, muda wa kula, na gramu 15 hadi 20 za sukari karibu na mkono wake. Hayo ni mambo ya ratiba, na ratiba anaipanga mwajiri.

Ila kabla ya kwenda kwa mwajiri, rudi kwa daktari aliyekuandikia. Mwambie unafanya kazi gani na zamu zako zikoje, umuulize kama saa ya kumeza inaweza kuhamishwa, au kama ipo dawa nyingine isiyolewesha. Mara nyingi shida huishia hapo. Anayesinzia kwa Piriton, kwa mfano, anaweza kubadilishiwa loratadini.

Ikibaki haja ya kusema, iwe kwa maandishi. Omba barua ya mistari michache: "Ndugu fulani anapata matibabu. Kwa wiki nne kuanzia leo asipangiwe kuendesha mitambo wala zamu ya usiku. Ataonwa tena tarehe fulani." Ugonjwa hautajwi, dawa haitajwi. Angalia pia karatasi ya ED, ile ya kukuruhusu kupumzika kazini kwa ugonjwa. Daktari huandika jina la ugonjwa kwa mazoea, kisha karatasi hupita kwa msimamizi, kwa karani wa mahudhurio, hadi kwenye faili. Mwombe aandike siku za mapumziko tu.

Kwenye usaili wa kazi usiligusie suala la dawa. Mahali pake ni uchunguzi wa afya unaofanywa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003. Daktari wa uchunguzi huo mweleze kila kitu, dawa za asili zikiwemo. Mwajiri anachohitaji kutoka kwake ni kujua kama unafaa, unafaa kwa masharti, au hufai kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo linapofanyika jambo linaloniumiza kuliko yote: watu huacha dawa siku chache kabla ya kupimwa ili waonekane wazima. Ukikatisha ghafla dawa ya kifafa, degedege linaweza kurudi kwa nguvu, na lisikome bila msaada wa hospitali. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, uliyoitumia kwa wiki kadhaa huzima homoni ambayo mwili ungejitengenezea, hivyo kuiacha kwa mkupuo kunaweza kukuangusha kwa presha ya chini. Atenolo ya presha nayo hushushwa taratibu. Usiache hata kidonge kimoja kwa ajili ya ajira.

Panapopimwa mkojo, taja dawa zako kwa mpimaji kabla ya kutoa sampuli, ukiwa na cheti cha daktari mkononi. Kodeini huonekana kama afyuni. Efavirenzi, mojawapo ya dawa za VVU, imewahi kuonyesha bangi isiyokuwepo kwenye baadhi ya vipimo vya haraka. Dai sampuli ihakikiwe maabara. Maelezo yanayokuja baada ya majibu huchukuliwa kuwa kisingizio.

Na fomu ikikuuliza moja kwa moja kama unatumia dawa, usiandike "hapana". Uongo wa maandishi unaweza kukufukuzisha kazi hata kama dawa yenyewe haina madhara. Andika: "Nitatoa maelezo kwa daktari wa uchunguzi."

Kuhusu ARV sina shaka: mwajiri hana haja nazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya VVU, na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda usiri wa majibu. Sheria hiyo ya 2004 inakupa pia siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, yaani 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu.

Siri ikivuja, taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na malalamiko hupelekwa kwenye Tume yake. Ukiachishwa kazi, una siku 30 za kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Kwa ubaguzi usiohusu kuachishwa, siku 60. Nenda na nakala ya barua ya daktari yenye muhuri wa kupokelewa, inayoonyesha mwajiri aliambiwa nini na lini.