Mtumishi wa Vermeer na kigae cha mapenzi

Mchoro maarufu wa Johannes Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, ulioko jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, wengi huuita "Mkamua Maziwa", ingawa mwanamke huyo hakamui chochote. Ni mtumishi wa jikoni anayemimina maziwa, na ndivyo alivyoelezwa kwenye mnada wa 1696, mchoro ulipouzwa kwa gilda 175, sarafu ya Uholanzi ya wakati huo. Turubai lenyewe ni dogo, takriban sentimita 45 kwa 41.

Wanaousoma kama sifa kwa kazi wana hoja. Mikono yake ni minene, mikate imemegwa mezani, maziwa yanashuka mkondo mwembamba bila pupa. Wengine huongeza kwamba Vermeer alimpaka aproni ya rangi ya buluu iitwayo ultramarini, iliyosagwa kutoka jiwe la Afghanistan, nayo ilikuwa ghali mno. Hapo wanateleza. Vermeer aliitumia rangi hiyo karibu kila mahali. Haimpandishi mtumishi huyu cheo.

Wenye maoni tofauti, wanaouona kama utani wa mapenzi, hutazama chini, pembeni kulia. Kuna kigae chenye Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi, na mbele yake kisanduku cha mbao chenye matundu, ambacho ndani huwekwa makaa ya kupasha miguu. Waholanzi wa karne ya 17 walijua utani wake: moto unaopanda chini ya sketi. Watumishi wa jikoni nao walichorwa mara nyingi kama wepesi wa kutongozwa. Walter Liedtke, mtaalamu wa michoro wa jumba la makumbusho la Metropolitan Museum, New York, aliitetea tafsiri hii mchoro ulipopelekwa huko mwaka 2009.

Mimi nilikuwa upande wa kazi mpaka 2022, Rijksmuseum ilipotangaza kilichofichwa chini ya rangi: ubao wa kutundikia magudulia nyuma ya kichwa chake, na kikapu cha kukaushia nguo juu ya moto. Vermeer alivichora, kisha akavifuta. Vifaa vya kazi viliondoka. Kisanduku cha makaa ndicho kinachoonekana leo. Sioni jinsi ya kuiita hiyo bahati tu.

Ila utani wa aina ile kwa kawaida ulihitaji mwanamume mlangoni, au mwanamke anayemkonyeza mtazamaji. Hapa hakuna mlango, na macho ya mtumishi yako kwenye maziwa. Kama kuna mtu anayemuwaza, sisi hatukukaribishwa kumjua.