Mnamning'iniza kipunji tawi gani?

Juzi kwenye mhadhara mmoja, mtoa mada alitandaza ukutani mti wa ukoo wa kima wa Afrika, kila fundo, yaani pale tawi linapogawanyika, limeandikwa 100. "Kompyuta imethibitisha," akasema kwa madaha. Na kipunji wetu, kima wa milimani kusini mwa Tanzania, ananing'inia kwenye tawi lake moja safi, kando ya nyani. Nilitamani kutoka nje.

Jamani, programu ukiituma itafute mti, italeta mti. Ilishe hata upuuzi, mti utakuja. Hiyo 100 inasema tu kwamba ukichota upya safu za data yako ile ile mara kwa mara, fundo lile linarudi kila mara. Kama historia yenyewe ilikuwa ya mti, hilo haikuulizwa.

Kipunji ndiye shahidi wangu. Wanyakyusa walimjua zamani; watafiti wakamwona mlima Rungwe mwaka 2003, na 2005 wakamtia kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya mangabe, kima wa misituni, iitwayo Lophocebus, kwa kumtazama umbo. Vinasaba vikakataa: huyu yuko karibu zaidi na nyani. 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Halafu ndipo mambo yakanoga. Kipunji wa Rungwe na Kitulo walikutwa na vinasaba vya mitokondria, vile vya upande wa mama, vinavyoangukia ndani kabisa ya ukoo wa nyani. Wenzao wa msitu wa Ndundulu, kule Udzungwa, hawanavyo. Spishi ni hiyo hiyo moja! Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba zamani nyani majike walizaa na madume wa kipunji upande wa Rungwe. Sasa huo mti wenu, ambao kila fundo lina mzazi mmoja tu, utayaonyesha wapi hayo? Ruhusu fundo lipokee mistari miwili, upate mtandao, kitendawili kimeteguka.

Nakubali, shingo upande, mtandao ni kazi nzito. Miti peke yake inatosha kukutoa jasho: spishi 10, kila fundo likigawanyika mara mbili, zina miti yenye mzizi 34,459,425 inayowezekana. Zikifika 20, idadi ina tarakimu 22. Ndiyo maana watu wanaikimbilia mbinu ya Saitou na Nei ya 1987, inayounganisha spishi jirani mbili mbili na kumaliza upesi. Hata mimi naitumia. Kwa kuanzia, siyo kwa kuapia.

Nilipomuuliza mtoa mada kwa nini hakuchora mtandao, nikajibiwa mtandao "utaichanganya hadhira". Hadhira gani? Ukumbi umejaa watu ambao shemeji ni binamu, na mjomba huyo huyo ni mkwe!