Marioo Hana Likizo

Jamani, niacheni niseme. Kuna jamaa yangu tumekua pamoja, tumeazimana mpaka viatu. Alipomuoa yule mama mwenye majumba, kila mtu alisema amelamba dume. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote, maana wiki ileile soli ya kiatu changu ilikuwa imeachama kama inaomba maji. Siku tatu sina raha. Mke wangu akaniuliza unaumwa wapi, nikamwambia mgongo.

Jamaa hakuficha. "Mapenzi yatatukuta mbele ya safari," alisema. Mwaka wa tano huu, sijui yamepanda gari gani.

Sasa Jumamosi nikaenda kumtembelea. Gari limeegeshwa uani, linang'aa unaweza kunyolea ndevu. Nikasema twende tukazurure basi. Jamaa kimya. Akainuka, akaenda mpaka mlango wa chumbani, akagonga. Chumbani kwake mwenyewe! Tena kwa kidole kimoja, kama karani mgeni anayekwenda kuomba ruhusa kwa bosi. Akarudi na ufunguo, na kabla hajawasha injini akatoa simu akapiga picha namba za kilomita.

"Za nini hizo?"

"Ripoti."

Ripoti, ndugu zangu! Mimi na ufukara wangu, baiskeli yangu haijawahi kuandikiwa ripoti.

Tuliporudi tukakaa mezani. Mama akaanza kusimulia kisa, jamaa akacheka. Kisa bado hakijafika penye kuchekesha, mwenzetu ameshafuta machozi! Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini huyu ameinama mpaka kusimama kumeanza kumpa kizunguzungu.

Yule mama mimi simlaumu, mjue. Mali kaitafuta mwenyewe, ana haki ya kuilinda. Na alijua mapema kilichomleta bwana, ila kwa ustaarabu wake akamwachia aendelee kusema ni macho yake mazuri.

Tena biashara hii wenzake waliifanya zamani, lakini walikwenda na mtaji. Mwaka 1895 mkuu mmoja wa Uingereza, Duke wa Marlborough, alimuoa Consuelo Vanderbilt, binti wa tajiri wa reli wa Marekani, akapewa hisa za reli za dola milioni 2.5. Lakini bwana yule alikuwa na cheo, na kasri la Blenheim lililokuwa likimeza fedha za matengenezo. Walibadilishana. Na bado ndoa ikafia mahakamani mwaka 1921. Jamaa yangu yeye kaenda na nini? Manukato na meno meupe. Halafu kachelewa: huko huko Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1882, mke anamiliki mali yake mwenyewe. Ile enzi ya mume kuoa leo na kesho kuamka mwenye kila kitu cha mke ilishapita, yeye ndiyo kwanza anapiga pasi shati.

Wanaume tunawacheka wanawake wanaofuata pesa, tunawapa majina. Marioo tunamwonea wivu kimoyomoyo. Mimi mwenyewe nimemwonea miaka mitano, sitaki kudanganya.

Basi jana usiku simu ikalia, ujumbe: "Mwanangu, nitumie nauli, nataka nikamwone bi mkubwa. Huku sitaki kuomba." Nikausoma mara mbili. Mwenye gari la kunyolea ndevu ananiomba nauli mimi wa soli iliyoachama! Nikamtumia. Nikajisikia tajiri, nikatembea sebuleni nimeweka mikono nyuma.

Kumbe mke wangu ameuona ujumbe wa muamala.

"Baba, juzi nilikuomba ya sabuni ukasema huna hata senti."

Nikaanza kumweleza habari za utu na urafiki, nikamkumbusha kwamba mimi na yeye tulioana kwa mapenzi matupu. Akaniambia hayo mapenzi niyachukue, nikayafulie.

Haya nayaandika nikiwa kwenye kochi. Na kochi lenyewe fupi, miguu inaning'inia.