Ebbsfleet: mji uliotangazwa kabla ya ardhi kununuliwa

Mwezi Machi 2014 George Osborne, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, alitangaza kwamba mji mpya wenye nyumba zipatazo 15,000 ungejengwa Ebbsfleet, katika kaunti ya Kent. Wanaoutetea mji huu huanza na ardhi, na hapo wana hoja nzito. Sehemu kubwa yake ni machimbo ya chaki yaliyolisha viwanda vya saruji kwa vizazi kadhaa, hivyo hakuna mkulima aliyeng'olewa shambani, na kando yake kilikuwapo tayari kituo cha treni za kasi, kilichofunguliwa mwaka 2007, ambacho humfikisha abiria London kwa muda usiozidi dakika 20. Kwa vijana wa kusini mwa Uingereza wanaomaliza mishahara yao kwenye kodi ya nyumba, hilo si jambo dogo.

Wakosoaji nao hawasemi ovyo. Machimbo yaliyoachwa hayabaki matupu: rasi jirani ya Swanscombe ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 2021 kwa sababu ya ndege, mimea na wadudu wake adimu. Treni za Eurostar, zinazokwenda Ufaransa na Ubelgiji na zilizokuwa kivutio kikubwa cha kituo hicho, ziliacha kusimama hapo mwaka 2020 wakati wa janga la korona.

Lakini kinachonisumbua zaidi mimi ni suala la umiliki, ambalo huzungumzwa kidogo mno. Chini ya sheria ya mwaka 1946, iliyozaa miji kama Stevenage na Crawley, mashirika ya umma yalinunua ardhi kwa thamani ya matumizi yake ya wakati huo, na ongezeko la bei lililofuata ujenzi likabaki mikononi mwa umma. Sheria ya fidia ya mwaka 1961 ilimpa mwenye ardhi haki ya kudai hata thamani inayotarajiwa endapo kibali cha ujenzi kitatolewa. Ebbsfleet ilirithi hali hiyo ikiwa na ugumu zaidi, kwa kuwa machimbo makubwa yalimilikiwa na makampuni binafsi yaliyokuwa na vibali tangu mwaka 2007, na shirika la serikali la kuuendeleza mji liliundwa mwaka 2015 tu. Mahali palichaguliwa vizuri. Hatua ndizo zilizopangwa kinyume. Ardhi inayokizunguka kituo, panapotarajiwa kuwa kitovu cha mji, shirika hilo liliinunua mwaka 2019, wakati familia nyingi zilikwisha kuhamia.