Kumpunguzia Mgonjwa Si Kupunguza Bei ya Dawa

Kila serikali ikibanwa kuhusu bei ya dawa, jibu la haraka huwa lilelile: tutaweka kikomo cha kile mgonjwa anachotoa mfukoni. Linapendeza masikioni, na wanasiasa wanalijua hilo. Ila ukilichunguza unakuta bei yenyewe haijaguswa, kilichobadilika ni mlipaji tu. Mgonjwa analipa kidogo dirishani, bima inamalizia, na bima hiyo inachangiwa na mgonjwa yuleyule pamoja na majirani zake walio wazima. Kampuni inapata chake vilevile.

Sisemi kikomo hakina maana. Mtu anayemwambia mfamasia "nipe za siku tatu kwanza, zilizobaki nitafuata" hawezi kusubiri mageuzi ya sera. Mara nyingi hazifuati, au anarudi hali ikiwa imeshakuwa mbaya. Kwa huyo, kikomo ni nafuu ya leo. Tatizo langu ni kwamba nafuu hiyo ikishapatikana kelele zinaisha, na suala la bei linawekwa kabatini.

Tuchukue insulini. Mwaka 1923 wagunduzi wake walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza na kuiuza, kwa dola moja kila mmoja, wakitaka dawa ile isije ikahodhiwa. Karne moja baadaye, Marekani ililazimika kutumia sheria ili wazee walio kwenye bima ya Medicare wasilipe zaidi ya dola 35 kwa mwezi. Sheria ilipitishwa 2022, kikomo kikaanza 2023, watu wakashangilia. Machi mwaka huohuo Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, moja baada ya nyingine, zikatangaza kushusha bei za baadhi ya insulini zao kwa asilimia 70 au zaidi. Huruma? Sidhani. Kulikuwa na kanuni nyingine, isiyo na mvuto wowote jukwaani. Katika Medicaid, mpango wa watu wa kipato kidogo, kampuni inayopandisha bei kuliko mfumuko wa bei hudaiwa marejesho, na ukomo wa marejesho hayo ulikuwa unaondolewa Januari 2024. Kwa dawa iliyopandishwa bei miaka nenda miaka rudi, kampuni ingeweza kujikuta inairudishia serikali fedha nyingi kuliko inavyolipwa. Wakapiga hesabu, wakashusha.

Kanuni ya aina hiyo ndiyo ninayoitaka, ile inayomgusa muuzaji, hata kama haifai kuandikwa kwenye bango la kampeni.

Bei ya dawa yenye hataza haifuati sana gharama ya kuitengeneza. Inafuata nguvu ya mnunuzi. Sofosbuvir, dawa ya homa ya ini C, iliingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2013 kwa dola 1,000 kidonge kimoja. Unameza kimoja kwa siku kwa wiki 12, vidonge 84, dola 84,000. Misri, iliyokuwa miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa homa hiyo duniani, ikakaa mezani na Gilead, kampuni yenye dawa hiyo, kama mnunuzi mmoja na kupata tiba nzima kwa takriban dola 900. Baadaye viwanda vya humohumo Misri vikaanza kuitengeneza, na gharama ikaporomoka hadi chini ya dola 100. Kiambato ni kilekile na wiki ni zilezile.

Lakini mezani hauendi mikono mitupu. Lazima muuzaji aamini kwamba unaweza kuinuka na kuondoka. Azimio la Doha la 2001, la nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, lilithibitisha kwamba nchi ina haki ya kutoa leseni ya lazima, yaani kuruhusu dawa itengenezwe au iagizwe bila ridhaa ya mwenye hataza, huku yeye akilipwa mrabaha. Brazil iliitaja silaha hiyo kwa miaka kadhaa na kupata punguzo kwa dawa za UKIMWI. Mwaka 2007 mazungumzo kuhusu efavirenz, mojawapo ya dawa hizo, yalipokwama, iliitumia kweli na kuagiza dawa hiyo India. Nchi nyingi zina kifungu hiki vitabuni lakini haziko tayari kukigusa, na wauzaji wanajua.

Watetezi wa kampuni watauliza: nani atafanya utafiti? Swali ni la haki, na siwafuati wanaolijibu kwa kejeli. Ila mbona bei kubwa haijatuletea antibiotiki mpya za kutosha? Antibiotiki bora ni ile inayowekwa akiba ili vimelea visiizoee, kwa hiyo haiuziki sana na wawekezaji wanaikimbia. Uingereza ilianza 2022 kuzilipia antibiotiki mbili ada maalumu ya mwaka, iwe zimetumika nyingi au chache. Hapo malipo ya uvumbuzi yametenganishwa na idadi ya vidonge vinavyouzwa. Ningependa kuona mpango huo ukijaribiwa kwa magonjwa mengine.

Bei ya chini sana nayo ina madhara yake. Mwaka 2023 hospitali za Marekani ziliishiwa cisplatin, dawa ya saratani ya zamani na ya bei ndogo, baada ya kiwanda kimoja nchini India kusimamisha uzalishaji kufuatia ukaguzi wa ubora. Faida ilikuwa finyu, watengenezaji wachache. Zabuni inayompa kila kitu mwenye bei ya chini kabisa inaokoa fedha mwaka huu na kuacha rafu tupu mwaka ujao.

Kilichobaki ni usiri. Nchi mbili zinaweza kununua dawa moja kwa kampuni moja, kila moja ikidhani ndiyo iliyopata punguzo nono, na mkataba unakataza kuulizana. Mwaka 2019 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuhimiza bei halisi ziwekwe wazi, lakini azimio halimlazimishi mtu. Ndiyo maana nazifuatilia dawa 10 za kwanza ambazo Medicare ilijadiliana bei zake, bei zilizoanza kutumika Januari 2026 kwa punguzo la asilimia 38 hadi 79 ya bei ya orodha. Bei hizo zimechapishwa, moja moja, na mjumbe wa serikali yoyote anayejiandaa kukutana na kampuni hizohizo anaweza kuzisoma kabla hajaingia chumbani.